Kurekodi muziki wa nyumbani: sogea karibu, andika majina

Ukifungua simu ya Mswahili yeyote leo, awe Mombasa, Lamu, Malindi au huku mpakani, utakuta video za harusi zisizohesabika. Cheza moja uisikilize kwa makini. Utasikia spika ya didijei ikinguruma, watoto wakilia, na mtu akiuliza pilau imefika wapi. Nyanya aliyekuwa akiimba, ambaye ndiye sababu ya simu kutolewa mfukoni, humsikii. Unamwona tu midomo ikicheza.

Simu haina lawama. Simu nyingi za siku hizi, hata za bei ya wastani, zinaweza kurekodi sauti na picha ambayo watangazaji wa redio wa zamani wangeionea wivu. Rekodi zetu huharibiwa na mambo mawili: tunarekodi tukiwa mbali, na hatuandiki majina. Rekodi ya mbali haisikiki leo. Rekodi isiyo na jina itasikika, lakini baada ya miaka 30 hakuna atakayejua ni nani anayeimba.

Makala hii ni mwongozo kwa familia inayotaka kurekodi muziki wake nyumbani kwa ubora wa kutosha kuachiwa wajukuu. Naandika nikiwa Busia na Malaba, ambako kazi ya uwakala wa forodha imeniweka kwa miaka sasa, na mifano mingi nimeitoa huku. Yanayofaa hapa yanafaa Pwani pia.

Kwa nini mpakani

Wapwani hawakufika huku jana. Misafara ya biashara kutoka pwani ilifika kwa Nabongo Mumia karne ya 19, na Uislamu ukapata mizizi Mumias, mji ambao hauko mbali na Busia. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931 ilipitia Malaba na Tororo. Leo shehena ya bandari ya Mombasa huja na madereva, makarani, mama lishe na mawakala, na wengi wao wameoa au kuolewa huku.

Matokeo yake ni nyumba zenye muziki wa namna mbili au tatu. Wateso, ambao wako pande zote mbili za mpaka, wana adeudeu, kinubi cha upinde kinachopigwa kwa vidole, na akogo, ala ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba. Waluhya wana siiriri ya uzi mmoja, na Wabukusu wana litungu. Wajaluo wana nyatiti na orutu. Wapwani tumekuja na dufu, kasida, vugo na chakacha zetu.

Jirani zangu mmoja hapa Malaba ni mfano mzuri. Mume ni Mteso, mke ni mzaliwa wa Kisauni. Baba mkwe anapiga adeudeu na kuimba nyimbo za ukoo wake. Shangazi za mke wanajua vugo. Watoto wanaimba kasida za madrasa. Mzee amevuka miaka 70, na mwaka uliopita vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi. Familia ilikuwa na video kumi na mbili za mzee huyu akipiga, na hakuna hata moja ambayo unaweza kusikia nyuzi zote. Waliponiomba msaada hatukuwa na miaka ya kungoja. Nitaitumia nyumba hiyo kueleza kazi inavyokwenda.

Adui wa kwanza ni umbali

Ukijua jambo hili moja, umejua nusu ya kazi. Kila ukizidisha umbali kati ya maikrofoni na mwimbaji mara mbili, sauti yake inayofika kwenye maikrofoni hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kelele za barabarani na mwangwi wa chumba hazipungui, hubaki vilevile. Kwa hiyo ukitoka mita moja ukaenda mita mbili, kisha mita nne, kelele haikuongezeka ila mwimbaji amedidimia ndani yake.

Tatizo ni kwamba picha nzuri hutaka umbali na sauti nzuri hutaka ukaribu. Ukisimama mita tano ili watu wote waonekane, sauti imekupotea. Ukisogea hadi nusu mita, unaona kidevu cha mtu tu.

Dawa yake ni kutenganisha kazi mbili hizo. Simu moja ipige picha kutoka mbali. Simu ya pili, au rekoda ndogo ya mkononi, iwekwe karibu na mwimbaji irekodi sauti peke yake. Baadaye sauti na picha huunganishwa kwa programu ya kuhariri ya simu au kompyuta. Ili iwe rahisi kuzioanisha, mtu mmoja apige kofi moja kubwa mbele ya vifaa vyote viwili kabla wimbo haujaanza. Kwenye picha utaona viganja vikigusana, na kwenye sauti utaona mchoro umechomoza kama mwiba. Oanisha hapo. Anza faili jipya kwa kila wimbo, kwa sababu saa za vifaa viwili hazilingani kabisa, na faili la saa nzima huishia sauti na midomo vikiachana.

Kama una simu moja tu, basi ukubali kusogea. Mita moja hadi moja na nusu kutoka kwa mwimbaji mmoja ni wastani mzuri. Usiikuze picha kwa vidole ukiwa mbali, kwa sababu picha inakuja karibu lakini sauti inabaki kulekule.

Chagua mahali na saa

Malaba ni mji wa malori. Foleni inapokuwa ndefu, injini hazizimwi, na honi hazina adabu. Busia ina bodaboda na spika za wachuuzi. Kabla ya siku yenyewe, kaa mahali unapotaka kurekodia kwa dakika tano, ufumbe macho, usikilize. Masikio yetu yamezoea kelele na huzipuuza. Maikrofoni haipuuzi kitu.

Huku mpakani saa nzuri niliyoiona ni asubuhi mapema, saa moja hadi saa tatu. Upepo haujaanza, na mvua za radi za ukanda huu wa ziwa mara nyingi huja mchana au jioni. Mvua ikinyesha juu ya mabati, funga kazi, hakuna kifaa kitakachokuokoa. Mchana wa jua kali mabati nayo hulia yakitanuka. Usiku kuna nyenje.

Ndani ya nyumba, adui ni mwangwi. Sebule ya sakafu ya saruji, kuta tupu na mabati yasiyo na dari hufanya sauti ya mtu ionekane kama inatoka pangoni. Tandika mikeka na mazulia. Tundika leso, mablanketi au mapazia mazito ukutani, na usimamishe godoro nyuma ya maikrofoni. Chumba cha kulala chenye kitanda na nguo nyingi mara nyingi hushinda sebule. Mpigaji asikae katikati kabisa ya chumba wala asigusane na ukuta.

Zima feni, televisheni na jokofu. Jokofu watu hulisahau hadi samaki waoze, basi weka funguo zako za nyumba ndani yake, hutaondoka bila kulikumbuka. Genereta liwe nyuma ya nyumba, mbali iwezekanavyo.

Nje, kivuli cha mwembe kina sauti nzuri kuliko hema, kwa kuwa hakuna kuta za kurudisha mwangwi. Hapo adui ni upepo, ambao kwenye rekodi husikika kama ngurumo. Kinga ya sponji husaidia upepo mdogo, na kinga ya manyoya husaidia zaidi. Ukikosa zote, keti upande wa nyumba usiopigwa na upepo.

Vifaa: anza na ulicho nacho

Simu. Jua maikrofoni yako iko wapi. Kwa simu nyingi ni tundu dogo upande wa chini, karibu na pa kuchajia. Usilizibe kwa kidole wala kwa kava. Weka simu kwenye modi ya ndege ili isiite katikati ya wimbo na isilete mikwaruzo ya mtandao. Futa vitu kwanza upate nafasi. Chaji betri ijae, na uwe na pawabenki, kwa maana umeme wetu mnaujua.

Maikrofoni ya waya. Ile ndogo ya kubana kwenye nguo hufaa kwa mtu mmoja anayeimba au kusimulia. Ibane kifuani, kiasi cha kiganja kimoja chini ya kidevu, na hakikisha buibui, mtandio au kanzu haiisugui. Epuka kurekodi kwa vipokea sauti vya Bluetooth. Maikrofoni zake zimetengenezwa kwa mazungumzo ya simu na huukata muziki nusu.

Rekoda ya mkononi. Kama familia inaweza kuchanga inunue kifaa kimoja, nashauri kiwe hiki kabla ya kamera. Rekoda ndogo ya maikrofoni mbili hurekodi upande wa kulia na wa kushoto, na ina kipimo cha sauti unachoweza kukirekebisha mwenyewe.

Vipokea sauti vya masikioni vyenye waya. Hivi ni vya lazima. Asiyesikiliza anachorekodi ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi.

Kigoda na nguo iliyokunjwa. Usiweke kifaa moja kwa moja juu ya meza au sakafu wakati ngoma inapigwa, kwa sababu mtikisiko hupanda hadi kwenye maikrofoni. Nguo iliyokunjwa mara nne hupunguza sana tatizo hili.

Mpangilio wa kifaa

Kwenye rekoda, au programu ya kurekodia inayokupa hiari, chagua WAV, 48 kHz na biti 24. WAV huhifadhi sauti yote bila kuipunguza, na 48 kHz ndicho kiwango kinachokwenda na video. Sauti ya pande mbili kwa mpangilio huu hula takriban MB 17 kwa dakika, yaani karibu GB 1 kwa saa. MP3 ni nzuri ya kutumiana, si ya kuhifadhi asili. Kama kadi yako imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, faili moja haliwezi kupita GB 4. Hiyo ni sababu nyingine ya kurekodi wimbo mmoja mmoja.

Kisha pima sauti. Mwombe mwimbaji aimbe sehemu yake ya juu kabisa, na mpiga ngoma apige pigo lake la nguvu. Rekebisha kipimo ili vilele vifike karibu na -12, na visiguse 0 hata mara moja. Sauti ikigusa 0 hupasuka, na sauti iliyopasuka haina tiba. Sauti iliyo chini kidogo unaweza kuipandisha baadaye. Watu hupandwa na jazba wimbo unapokolea, kwa hiyo acha nafasi.

Kama kifaa kina mpangilio wa kujirekebisha chenyewe, uzime. Ukiacha, kila ngoma ikinyamaza kifaa kitapandisha sauti, na utasikia malori yakipanda na kushuka kama bahari.

Mwisho, rekodi nusu dakika ya kimya cha mahali hapo kabla ya kuanza. Programu za kusafisha sauti hukitumia kimya hicho kuijua kelele ya kuondoa.

Muziki wa aina tatu, nyumba moja

Adeudeu na mwimbaji mmoja. Mzee alikaa chini ya mwembe juu ya kigoda chake mwenyewe. Nilitaka kumpa kiti cha plastiki kisicholia, lakini mkono wake umezoea kimo cha kigoda, na mpigaji asiyetulia haimbi. Rekoda tuliiweka mbele yake, kiasi cha sentimita 70, kimo cha kati ya mdomo na ala, ikiwa imeinamishwa kidogo kuelekea nyuzi. Jaribio la kwanza sauti yake iliizidi ala. Hatukugusa kipimo. Tuliishusha rekoda kiganja kimoja na vikalingana. Kwa ala za nyuzi na mwimbaji mmoja, kusogeza maikrofoni hufanya kazi ambayo kuhariri hakuwezi. Alipiga nyimbo nane, na baada ya kila mbili alipumzika kusugua vidole.

Vugo. Hapa kuna wanawake wengi, pembe zinazogongwa kwa vijiti, na watu wanaotembea. Pembe zina sauti kali inayoshinda maneno. Kifaa kiwekwe juu kuliko vichwa, mita mbili au tatu mbele ya kundi, upande alipo kiongozi anayetoa wimbo. Rekodi hii niliiacha mikononi mwa binti wa nyumba, kwa sababu nitakayoieleza chini. Nilimwonyesha kipimo na kofi, akafanya vizuri kuliko wapiga picha wengi wa kulipwa.

Kasida na dufu. Kosa la kawaida ni kuwapanga watoto nyuma ya madufu. Panga nusu duara, sauti ndogo mbele, madufu nyuma hatua tatu au nne, na maikrofoni mita moja na nusu kutoka safu ya mbele. Kama ni maulidi yenye spika, usirekodi kutoka kwenye spika. Weka kifaa karibu na wasomaji, au mwombe fundi wa mitambo akupe waya wa sauti kutoka kwenye mashine yake moja kwa moja.

Na kwa aina zote tatu, mwombe didijei apumzike. Hakuna rekodi ya nyumbani itakayoshindana na spika mbili za harusi. Ndiyo maana nashauri kurekodi siku tofauti na harusi, au asubuhi yake, wakati wenye nyimbo zao wana nguvu na hakuna mgeni anayesubiri sahani.

Picha

Laza simu. Picha ya kusimama ni ya kutazamwa kwenye simu tu, na wapigaji watatu hawaenei ndani yake. Weka simu juu ya stendi ya miguu mitatu, au ifunge kwenye kiti juu ya vitabu. Mkono hutetemeka baada ya dakika mbili.

Mwanga uwe nyuma ya kamera au ubavuni. Ukimkalisha mzee mbele ya dirisha au mlango ulio wazi, utapata kivuli chenye kofia. Huku karibu na Ikweta jua la mchana liko utosini na huweka giza machoni pa watu, kwa hiyo asubuhi hadi saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi, ndio wakati wa kupiga picha nje. Gusa uso wa mpigaji kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole hadi mwanga na umakini vifungwe, ili picha isiwe inapauka na kuwa nyeusi kila mtu akipita.

Ndani, taa zinaweza kuleta mistari inayotembea kwenye picha. Umeme wa Kenya ni wa 50 Hz. Kama simu inaruhusu, chagua fremu 25 kwa sekunde, au shata ya 1/50 au 1/100, na mistari itatulia.

Anza kurekodi sekunde kumi kabla ya wimbo na uache sekunde kumi baada yake. Piga uso, kisha mikono. Mjukuu atakayetaka kujifunza adeudeu atataka kuona vidole kuliko kuona tabasamu.

Idhini, stara na sheria

Hili halihusu ufundi, lakini ndilo linaloleta ugomvi.

Kwanza, uliza kabla, si baada. Eleza rekodi ni ya nani na itakaa wapi. Mzee wa Malaba alikubali nyimbo saba ziwe za familia yote, na mmoja alisema usisikilizwe na watu wa nje ya ukoo. Tuliutenga kwenye folda yake na kuandika sharti hilo.

Pili, stara. Vugo, kesha na ngoma za ndani za wanawake zina desturi yake. Wanawake wameingia mahali hapo wakijua hakuna mwanamume anayewaona, na kamera ni jicho la mwanamume yeyote atakayeshika simu kesho. Msimamo wangu ni huu: arekodi mwanamke, irekodiwe sauti tu kama hata mmoja hataki picha, na isitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp. Sauti peke yake inatosha kuokoa maneno na mapigo. Wapo wanaosema tusirekodi kabisa. Nawaelewa, lakini shangazi wanaojua beti zote wanazidi kupungua, na binti zao wanaimba viitikio tu. Uamuzi ni wa wanawake wenyewe, nasi wengine tuwape vifaa na tukae nje.

Tatu, sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haigusi kumbukumbu za nyumbani za mtu binafsi, lakini ukizitoa hadharani mambo hubadilika, na kwa mtoto idhini ya mzazi au mlezi inatakiwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwimbaji haki juu ya uimbaji wake. Na Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ya mwaka 2016 inazipa jamii haki juu ya sanaa zao. Kwa ufupi, kurekodi nyumbani ni sawa, kuuza au kusambaza kunahitaji ruhusa.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia biashara, lakini muziki ni hivyohivyo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya na mitambo yake akarekodi nyimbo za Wakipsigis, ukiwemo ule unaojulikana kama Chemirocha. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zilirudishwa vijijini, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai. Iliwezekana kwa sababu aliandika nani, wapi na lini. Uganda nayo ina rekodi za Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda, ambazo nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Kwetu Pwani, kanda nyingi za taarabu zilirekodiwa harusini na kuuzwa Mombasa, na leo tunabishana udi ulipigwa na nani.

Njia rahisi ni kusema majina ndani ya rekodi yenyewe. Kabla ya wimbo wa kwanza, mtu mmoja aseme kwa sauti tarehe, mahali, jina la kila mwimbaji na mpigaji, jina la wimbo, lugha, na nani alimfundisha. Maneno hayo hayawezi kutengana na faili.

Kisha ulipe faili jina linaloeleweka, ukianza na mwaka, mfano: 2025-12-20_Malaba_adeudeu_wimbo-02. Ndani ya folda hiyohiyo weka maandishi mafupi yenye maneno ya wimbo na maana yake. Kwa nyimbo za Kiteso tulimwomba mzee mwenyewe azieleze kwa Kiswahili, nasi tukarekodi maelezo hayo pia. Kuna maneno matatu ambayo hata mwanawe hakuyajua.

Kuhifadhi

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, hamisha kila kitu. Kanuni inayotumika duniani ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa familia ya kawaida, moja iwe kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa jamaa wa mji mwingine. Jirani zangu waliweka diski moja Kisauni na nyingine kwa ndugu wa mzee Tororo. Nyumba ikiungua upande mmoja wa mpaka, nyimbo ziko upande wa pili.

Usitegemee flashi wala memori kadi kuwa ghala. Ni vyombo vya kubebea. Kila mwaka fungua nakala zote usikilize kidogo, na kila baada ya miaka michache hamishia kwenye diski mpya.

Usiuhesabu WhatsApp kuwa hifadhi. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na ubora hupotea. Ukilazimika kuutumia, itume kama hati. Na usihariri asili kamwe. Tengeneza nakala ndiyo uikate.

Kanda za zamani kabatini

Wengi wa wasomaji wangu wana kaseti za harusi za miaka ya 1980 na 1990. Zianze sasa, kwa sababu utepe wa sumaku huchakaa na mashine za kuuchezea zinapungua. Vunja vijino viwili vya juu ya kaseti ili isifutwe kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe, kisha uicheze mara moja huku ukirekodi. Tumia waya kutoka tundu la vipokea sauti hadi kwenye rekoda au kompyuta. Kuweka simu mbele ya spika ni kurudia kosa lilelile la umbali. Kanda yenye ukungu usiicheze, mpelekee fundi.

Ukimaliza, mwite mtu mzima aliyekuwepo siku ile, msikilize pamoja, uandike majina. Mashine ya kaseti inaweza kutengenezwa mwakani. Kumbukumbu ya mtu mzima huyo haina fundi.

Kwa atakayeanza wiki hii

Mchague mtu mmoja katika ukoo anayejua nyimbo ambazo wengine hawazijui. Mwombe ruhusa, mkubaliane asubuhi moja. Tandika mkeka, zima jokofu, sogea karibu, pima sauti, piga kofi, sema majina, kisha nyamaza umwache aimbe. Nyimbo tatu zilizorekodiwa vizuri zina faida kuliko saa tano za kelele.

Mzee wa Malaba bado yu hai, alhamdulillahi, ila adeudeu hapigi tena kama zamani. Mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu hukaa na video ya mikono, akiirudisha nyuma mara kwa mara, akijaribu wimbo wa pili. Bado hajaupata sawasawa, na mzee humsahihisha kutoka kwenye kigoda chake.

Wabillahi tawfiq.